Kovu la Msumeno

Barua ya tatu kutoka jeshini ilifika Jumanne. Urho Lantto aliisoma palepale kando ya barabara, kwenye sanduku la barua, theluji ya kwanza ikimwingia viatuni. Ilikuwa na adabu kama mbili zilizotangulia. Ilimshukuru kwa utumishi wake. Kisha ikasema kwamba ombi lake la nishani ya majeruhi, lililoletwa miaka arobaini na tisa baada ya tukio, halikuwa na hati yoyote ya matibabu kutoka vitani. Hati pekee iliyopatikana ilikuwa ya daktari wa mgodi, ya mwaka aliorudi nyumbani: kovu, paja la kushoto, msumeno. Kama yupo shahidi aliyeona kwa macho yake, aandike kiapo.

Alimpa binti yake Marlys, aliyekuwa jikoni akifunga mikate ya nyama na viazi. Marlys aliisoma akiwa ameishika kwa ncha za vidole, unga usiichafue.

"Baba, huu msumeno utakuzika."

"Bibi yako ndiye aliyeutaka."

Haikuwa kweli kabisa. Msumeno aliutunga mwenyewe. Kaka yake, Toivo, aliuawa vitani mwaka wa sitini na saba, na mama yao, Hilja, alipoletewa telegramu alikaa chini kwenye ngazi za mlangoni akakataa kuingia ndani hadi usiku. Mwaka uliofuata Urho akajiandikisha kwa hiari yake. Alimdanganya mama kwamba amepangiwa stoo ya vyakula, mbali na risasi. Kombora lilipompasua paja, neno la kwanza alilomwambia Dusek, tabibu wa kikosi, lilikuwa: usiandike. Ukiandika, mama atapata telegramu nyingine. Dusek alimshona ndani ya handaki, hakuandika. Urho akarudi nyumbani akichechemea, akasema alikatwa na msumeno akitengeneza rafu za stoo. Mama aliamini, au alijifanya kuamini, akaishi hadi miaka tisini na minane. Muda wote huo Urho hakuomba kitu. Alimzika mwezi wa tano. Mwezi wa sita akaandika barua ya kwanza.

Kwenye jiwe la kaburi la Toivo, chini ya jina, ilichongwa nishani ile. Mama yuko katikati. Nafasi ya tatu ni ya Urho, na daktari wa moyo alikuwa ameshamwambia asipange mambo ya mbali. Alitaka jiwe lake liseme kweli, basi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuisema.

Shahidi aliyebaki hai ni mmoja, Rodney Pelkola.

Walijiandikisha siku moja, wakapangwa kikosi kimoja. Siku ileile ya kombora, Rodney alikuwa akifungua kopo la maharagwe kwa kisu. Mshindo ulimshtua, kisu kikamchana kiganja. Alimkimbilia Dusek mkono juu, akamwambia: andika. Dusek alikuwa hajalala siku mbili, akaandika, na Rodney akapewa nishani. Tangu hapo Rodney ametembea mbele ya kila gwaride. Namba ya gari lake ina alama ya nishani, na mbele ya duka kuna nafasi ya kuegesha ambayo hakuna mwingine anayeigusa. Urho alinyamaza. Aliyemwambia mama yake msumeno angeanzia wapi kumsema mtu wa maharagwe?

Alhamisi Marlys alimpeleka kwenye klabu ya askari wastaafu, ambako Rodney ni katibu. Walimkuta amekaa nyuma ya meza, shavu limevimba kwa tumbaku.

"Ningekuandikia hata jana, bwana," Rodney alisema. "Mimi na wewe ni damu moja." Akatema mate ya kahawia kwenye kikombe cha karatasi. Uzi mmoja wa mate ulibaki ukining'inia kidevuni.

"Basi andika."

"Nimeshaandika."

Akasukuma karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Rodney, fupi, ya kweli tupu: siku, mahali, kombora, paja. Urho aliisoma mara mbili. Ya pili chini yake ilikuwa na jina la Urho. Ilisema kwamba yeye, Urho Lantto, anaapa kuwa kombora lililomjeruhi ndilo lililomjeruhi Rodney Pelkola, na kwamba Rodney, huku akivuja damu, alimkokota mwenzake hadi handakini.

"Ulinikokota?"

"Kidogo."

"Nilikuwa tayari handakini, Rodney."

"Sikiliza, mzee. Wanajenga ukuta wa mashujaa pale ukumbini. Kila mwenye nishani na kisa chake, na kila kisa na shahidi wake. Wajukuu wangu watasimama pale wasome. Unataka wasome nini? Maharagwe?" Akacheka, akatema tena.

"Yangu kweli, yako uongo, na umezibana kwa pini moja."

"Uongo wewe ndiye fundi wake. Rafu za stoo alitengeneza nani?"

Marlys alimwinamia sikioni. "Baba, andika tu. Dusek amekufa. Litamdhuru nani?"

Aliichukua kalamu. Alilifikiria lile jiwe. Akaandika herufi mbili za mwanzo za jina lake, na hapo akaona tone la kahawia, limeruka kutoka mdomoni mwa Rodney, likijitanua taratibu kwenye karatasi karibu na kidole chake. Kichefuchefu kilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Kwa mama alidanganya ili mama alale. Huyu alitaka alale nani?

Aliiweka kalamu chini, akajifuta kidole kwenye suruali, akafuta tena, akatoka. Njiani Marlys aliuliza kama wageuze gari. Urho alisema asimamishe, akashuka, akatapika kwenye theluji.

Jumamosi aliwasha moto kwenye kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba, wanamooga kwa jasho, kama kila Jumamosi. Mlango wa mvuke haumfungii mtu, na ndani yake hakuna ugomvi. Hivyo ndivyo yeye na Rodney walivyolelewa. Kwa hiyo Rodney alikuja, taulo begani, na ile karatasi ndani ya koti alilolitundika nje. "Iko mfukoni," alisema. "Imebaki herufi chache tu." Akapanda benchi la juu, mahali pake pa miaka yote. Alikuwapo pia mchungaji mpya wa kanisa, uchi kama wao, mwekundu, akijitahidi kuvumilia joto kwenye benchi la chini.

Urho alimwaga maji juu ya mawe ya moto ya jiko. Mvuke ulipotulia, mchungaji aliliona paja.

"Samahani, mzee. Hilo ni la vitani?"

Rodney aliacha kujipiga mgongo kwa matawi, kama ilivyo desturi ya mvuke. Neno moja tu, na mchungaji angekuwa wa kwanza kuisikia kweli. Lakini kweli hiyo ingewafanya yeye na Rodney kuwa watu wa nishani moja.

"Msumeno," Urho alisema. "Nilikuwa natengeneza rafu."

Rodney alishusha pumzi, akacheka kwa sauti. "Fundi mbaya sana huyu, mchungaji. Usimpe kazi ya kanisa."

"La vitani analo yeye," Urho alisema. "Rodney, muoneshe mchungaji."

"Aa, achana nayo."

"Muoneshe. Keshokutwa litakuwa ukutani."

Mchungaji alikuwa ameshasimama, amejawa heshima. Rodney hakuwa na pa kwenda. Akashuka, akakifungua kiganja. Mchungaji alikishika kwa mikono miwili, akainama, akapangusa jasho machoni, akakigeuza kuelekea kwenye kidirisha.

"Kovu liko upande gani?" aliuliza kwa upole.

Urho alichota maji mengine.