Mwizi wa Tope

"Usivuke nguzo, mama!" alipaza sauti Afisa wa Halmashauri, na Bibi Mtaro akabaki na jembe hewani.

Hakuwa amevuka. Ni kidole gumba cha mguu wa kulia tu kilichokuwa kimetangulia, naye akakirudisha nyumbani polepole.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya zege, fupi kama mtoto aliyekataa kukua. Upande huu, mtaro ulikuwa wa Wakala wa Barabara Kuu, na Bibi Mtaro ndiye mwenye mkataba wa kuusafisha: kilomita mbili, jembe moja, mgongo mmoja. Upande ule zilikuwa mita kumi za halmashauri. Kwake palikwanguliwa hadi ungeweza kutandika kanga ukalala. Kule kulikuwa na matete, chupa, godoro, na kiatu kimoja cha kushoto, kikongwe kiasi kwamba alikaribia kukiamkia shikamoo.

Basi maji yakishuka kwake hukimbia kama mtu anayewahi harusi. Yakifika kwenye nguzo hugonga godoro, husita, hurudi. Mtaro unafurika, lami inaloa, inatoboka. Mkaguzi akija anamwandikia karatasi nyekundu. Bibi Mtaro alikwisha kupata mbili. Ya tatu ndiyo ya kwaheri, na leo ndiyo siku ya ukaguzi.

Si kwamba hakujaribu. Mwaka jana alivuka, akazizibua mita zote kumi. Wiki haikwisha akaletewa barua yenye mhuri: amefanya kazi katika mtaro wa wenyewe bila kibali. Mzee wake, fundi wa masufuria, aliisoma mara mbili.

"Mke wangu," akasema, "nimeona wezi wa kuku, nimeona wezi wa ng'ombe. Mwizi wa tope ndiye wewe wa kwanza."

Leo wakubwa walikuja watatu, kwa magari matatu: Injinia wa Wakala, huyo Afisa, na Bwana wa Mamlaka ya Maji, mnene, mwenye miwani. Walikuwa na hati ya ushirikiano wa kuitunza barabara. Kwenye picha ya siku ya kutia saini walikuwa wameshikana mikono, wanacheka. Hapa mtaroni kila mmoja alishika mfuko wake.

"Mtaro umejaa," alisema Injinia, akitoa kalamu na karatasi nyekundu, ya mwisho kwenye daftari lake. "Kosa la msafishaji."

"Sisi ratiba yetu ya kuzibua ni mwezi wa tisa," alisema Afisa.

"Mimi mitaro si idara yangu," alisema Bwana wa Maji, akiruka kidimbwi. "Mimi ni mabomba tu."

Nyuma yake bomba lilikuwa likifoka tangu mjukuu wa Bibi Mtaro anatambaa. Sasa mtoto anakimbia.

Bibi Mtaro akalisimika jembe. "Injinia, mwanangu, kabla hujaandika. Kitendawili!"

Wakatazamana. Aliyelelewa akaleleka hawezi kuliacha neno hilo likining'inia.

"Tega!" wakajibu watatu, na hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana tangu asubuhi.

"Mgeni wangu haombi kibali. Akifungiwa mlango kwa jirani, anarudi kulala kwangu. Kukicha nalaumiwa mimi."

"Mbuzi," alisema Afisa. "Mbuzi tunayo sheria yao."

"Lori lililozidisha uzito," alisema Injinia.

Bwana wa Maji alivua miwani, akafuta matone yaliyoirukia kutoka kwenye bomba, akafikiri kuliko wenzake. "Shemeji," akasema kwa uchungu. "Ninaye mmoja nyumbani."

"Mmeshindwa. Nipeni mji!"

Afisa akacheka. "Haya mama, chukua mji wetu wote, nenda nao."

"Mji wenu una kelele, baba. Nipe mita kumi, kuanzia nguzo hii. Uniandikie, nisije nikaiba tena."

Kicheko kikamkauka.

"Mpe," alisema Injinia. "Mila ni mila." Akamkabidhi Afisa kalamu, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine, akampa ile nyekundu. Akainama mgongo wake uwe meza. Bwana wa Maji akashika ncha isipeperuke. Kibali kikaandikwa nyuma ya karatasi ya kwaheri.

"Na jibu lake?" aliuliza Bwana wa Maji.

"Maji, baba. Tena yako."

Wote wakaligeukia bomba. Lilifoka kwa adabu.

Bibi Mtaro akavuka nguzo, mguu mzima. Matete yalimtii, lakini godoro lilitaka watu wanne, na wanne walikuwapo. Lilipong'oka, Injinia aliketi topeni na suruali yake ya ukaguzi, na maji yakapita katikati yao bila kuaga, yamekibeba kiatu.

Kiatu kilielea mita zote kumi. Mwisho wake, karibu na reli, palikuwa na nguzo nyingine, nyekundu, ya shirika la reli. Kikaigonga. Kikazunguka mara moja, kikatulia.

Bibi Mtaro alifuta jembe kwa kiganja, akiitazama nguzo hiyo, na midomo yake ikaanza kucheza taratibu, kama ya mtu anayetafuta maneno ya kutega.