Kesi ya Moto Uliozaliwa Nyumbani

Katika nchi ya Uazimani, iliyopakana kwa upande mmoja na milima na kwa pande tatu na hofu, ilikuwa mwiko mtu kuwasha moto. Moto uliletwa kila asubuhi kutoka nchi jirani ya Majivuno, ukiwa makaa ndani ya vyungu, juu ya vichwa vya matarishi arobaini. Safari ilikuwa ndefu, na makaa mengi yalifika yamekwisha kukata roho. Hivyo Waazimani walikunywa chai ya asubuhi wakati wa adhuhuri, wakaiita adhuhuri alfajiri, na wakawalaumu majogoo kwa kuwahi. Walipokutana njiani waliulizana, "Umewakiwa?" na jibu la adabu lilikuwa, "Nimewakiwa, kwa hisani ya jirani." Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini katika vyuo vya Uazimani methali hiyo ilisahihishwa kwa wino mwekundu, na wanafunzi wakakaririshwa kwamba mtegemea cha nduguye hula mapema.

Wala Mola hakuwa ameinyima nchi ile kitu. Jua lake lilikaanga nyayo za wapitao juu ya mawe. Upepo wake uliwavua watu wazima vilemba. Mto wake, Ngurumo, ulijitupa kutoka jabalini usiku na mchana kama mtu anayetafuta wa kumsikiliza. Na ng'ombe wake walijaza barabara samadi hata wageni wakadhani ndiyo sakafu. Waazimani walilikimbia jua, wakautukana upepo, wakaulalamikia mto kwa kelele zake, wakairuka samadi, kisha wakaelekea Majivuno kuomba moto.

Aliyesimamia maombi hayo alikuwa Waziri Nyenyekeo, bwana mwenye kanzu ya hariri na mgongo uliopinda kwa kuinama. Kila jioni alimpeleka mshairi mpakani amsifu Mwinyi wa Majivuno kwa beti arobaini, na kila ubeti ulileta chungu kimoja. Jioni moja, katikati ya ubeti wa thelathini, mshairi akapiga chafya. Mwinyi akaihesabu chafya ile kuwa ni maoni. Siku tatu hayakuja makaa.

Uazimani ikapoa. Watu walitafuna maharage mabichi na kusifiana uvumilivu. Lakini katika nyumba ya uzazi, kando ya mto, watoto wachanga saba, wawili kati yao pacha waliozaliwa kabla ya wakati, walikuwa na joto. Mkunga wao, Bi Jitihada, alikuwa amewasha moto wake mwenyewe. Mchana alichemsha maji kwa kioo kilichokusanya jua. Usiku alipasha chumba kwa jiko la gesi iliyotoka katika shimo la samadi. Na gurudumu lililozungushwa na mto liliwasha taa moja. Mvuke ulipoonekana dirishani, habari zilimfikia Nyenyekeo. Bi Jitihada akakamatwa pamoja na jiko lake, nalo likaletwa barazani likiwaka, na kiriba chake cha gesi ubavuni, ili liwe ushahidi. Akina mama wakafuata, wachanga wao wamefungwa ndani ya kanga tatu tatu.

"Moto huu ulizaliwa wapi?" aliuliza Kadhi Taratibu, mzee ambaye hakuwahi kuruka hatua yoyote ya sheria, wala kufika popote.

"Hapa hapa, Mheshimiwa Kadhi."

"Wazazi wake?"

"Ng'ombe na shimo."

"Wana ndoa?"

Baraza likaangua kicheko, na Kadhi, ambaye hakutania, akaandika kwamba swali halikujibiwa.

Nyenyekeo akasimama. "Mheshimiwa, tuupime moto wa mama huyu kwa haki. Jua lake hutoroka kazini kila magharibi. Mto wake hukonda kila kiangazi. Samadi yake, kwa heshima ya baraza, ni samadi. Na upepo je, mama? Mbona hutuambii habari za upepo?"

"Upepo ulinishinda, bwana. Nilichonga mapanga ya mbao yazungushwe nao, dhoruba ikayang'oa."

"Na moja likaingia jikoni kwangu!"

"Nasikia mnakatia vitunguu juu yake, bwana. Sijalidai."

"Hayo mengine unayakana?"

"Siyakani. Kila kimoja kina kilema chake. Jua hulala, lakini halinuni. Mto hukonda kiangazi, na kiangazi ndipo jua linaponenepa. Vyote viwili vikizidiwa, ng'ombe hawajawahi kuniambia, leo hapana. Nimeweka vitatu ili kimoja kikiugua vingine vikiuguze. Ninyi mmeweka kimoja, nacho kimekufa kwa chafya."

"Chafya haikuwa ya makusudi!" Nyenyekeo akalia.

Mama wa pacha akasimama, wanawe kifuani. "Mheshimiwa, wanangu wana siku nne. Hata kulia hawajajua vizuri, watamsifu nani wapewe joto? Jiko hilo likizimwa, usiku nitawafunika kwa beti zenu?"

Kadhi akawatazama pacha, akakitazama kitabu cha sheria. Kitabu kilikuwa karibu zaidi. Akahukumu jiko lizimwe na shimo lifukiwe kabla ya magharibi, na mkunga avushwe mpaka wa nchi, asirudi.

Lakini hukumu ya Uazimani haikuwa hukumu mpaka ipigwe muhuri wa lakiri, na lakiri haiyeyuki bila moto. Karani akaipulizia pumzi, akaisugua kwapani, mwishowe akaikalia. Ikabaki ngumu. Tarishi aliyetumwa mpakani kuomba kaa moja tu akarudi akihema: Mwinyi alikuwa bado anaitafakari chafya. Jua likaanza kuinama.

"Kuna moto pale," akanong'ona Nyenyekeo, akilielekezea kidevu jiko la ushahidi.

"Bwana Waziri," akasema Kadhi polepole, "moto huu ukiwa haramu, muhuri wake ni haramu, na hukumu haipo. Ukiwa halali, tumehukumu nini?"

Bi Jitihada akalisogeza jiko mbele kwa mguu.

"Karibuni moto, mabwana. Kwetu hatumnyimi mtu, hata anayetufukuza."

Kadhi akaichukua lakiri mkononi mwa karani. Kisha, kwa mara ya kwanza katika umri wake, akaruka hatua: akaitia mfukoni. "Ushahidi urudishwe kazini upesi," akasema, "na kama pana birika, liende nao. Tangu juzi sijanywa chai."

Akina mama wakalibeba jiko mbio hadi nyumba ya uzazi, na kabla ya magharibi pacha walikuwa wamelala na mashavu mekundu. Nyuma ya wote akafika Nyenyekeo, na chungu kitupu kwapani. Mlangoni akainama kwa mazoea.

"Ewe Mama wa Mianga, Taji la Wakunga, Bahari ya..."

"Simama wima, bwana, utaumia mgongo. Hapa sifa haziwaki."

"Basi nilete nini?"

Bi Jitihada akampa kikapu na koleo, akamwonyesha barabara. Na Waazimani waliotoka kuswali, wakimshukuru Mola kwa neema aliyoimwaga miguuni pao miaka yote wakaiita uchafu, walimwona Waziri wa nchi akimfuata ng'ombe kwa hariri yake, hatua kwa hatua, akingoja kwa adabu. Wala ng'ombe hakumdai hata ubeti mmoja.