Rota Iliyogusa Upande Mmoja

Agnela alichora mota ya kinu cha kusaga kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, kwa vipimo nilivyompa mimi. Alipoviunganisha, rota, kile kipande cha ndani kinachozunguka, ikakataa kukaa katikati. Iligusa ganda upande mmoja. Abdiel, mwenye karakana, alishamwambia kwamba ikishindikana leo hana kazi.

Sasa alimsimamia mgongoni, yeye na mteja mwenye kinu kutoka Olmotonyi.

“Diploma yako uliinunua Kilombero sokoni?”

Mteja akacheka.

“Samahani, bosi. Labda tupime upya vifuniko.”

“Philemoni huyu amefunga mota miaka ishirini,” Abdiel akanionyesha kidole. “ Wewe umefunga nini zaidi ya kilemba?”

Mimi nilikuwa nimeshaliona kosa. Mkanda wa kinu huvuta upande mmoja, basi tundu la beringi la kifuniko cha mbele hulika upande huo. Fundi hupima cha nyuma, ambacho hakiliki. Kwa uvivu, nilipima cha mbele.

“Philemoni, vipimo ni sahihi?” Abdiel akaniuliza.

“Sahihi kabisa.”

Agnela akanigeukia. “Mzee, nakuomba, pima tena. Nina mtoto mchanga.”

“Nimeshasema, binti.”

Abdiel akamfukuza. Alipovuka geti nilipima kifuniko cha nyuma, nikamwambia bosi kwamba kosa la Agnela nimeligundua.