Msimamizi wa Mabati Ishirini na Nane

Mwaka ule wa operesheni ya kuhamia vijiji vipya, Lumuma ilihama kwa miguu yake. Nyumba zilishuka mlimani vipande vipande juu ya vichwa vya watu: mlango mbele, dirisha nyuma, na katikati mama mmoja kabeba jiko ambalo maharage yake bado yalikuwa yanachemka. Wapo wanaoapa kwamba waliona choo kikivuka mto. Anayetaka kuamini na aamini, asiyetaka na awaulize waliosalia.

Mzee Thadeo, seremala aliyezeeka akitengeneza mabenchi ya kanisa, hakutaka vurugu hizo. Alipanda mwenyewe juu ya nyumba yake ya zamani, akang'oa mabati yake yote ishirini na nane, akaziba matundu ya misumari kwa lami. Kisha akachukua rangi nyekundu na kuliandika kila bati namba yake upande wa ndani, ili kule kijijini kila moja likalale palepale lilipokuwa limezoea kulala. Kuta za nyumba mpya zilikuwa tayari, fito na udongo, zimekandikwa vizuri. Ikabaki kuezeka. Homa ya kifua ikamshika, na siku ya tatu ikamchukua, hata msumari mmoja hajapigilia.

Akazikwa. Mkewe, Mama Agnesi, akabaki na kuta nne na mbingu.

Walipokuwa bado wamekaa matanga, katibu wa kijiji alifika na daftari lake kwapani. Baada ya kutoa pole akasema, "Wazee, kiwanja hiki kimeandikwa Thadeo. Thadeo hayupo. Nileteeni karatasi ya mahakama yenye jina la msimamizi wa mirathi, niandike upya. La sivyo, kuna familia inashuka mlimani kabla ya vuli, na mimi nina amri ya kuwapa mahali."

Ukoo ukakaa kikao. Macho yote yakamwelekea Yeremia, mdogo wa marehemu, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Yeye ndiye angestahili. Lakini Yeremia alikuwa na jambo lake moja: hakuwa tayari jina lake liandikwe karatasi moja na jina la maiti.

"Mniandike hapo na Thadeo, sisi wawili, na mhuri juu?" alisema. "Si mnamwonyesha njia ya kuja kunichukua! Mtafutieni mwingine."

Wazee wengine nao, baada ya kulifikiria jambo hilo, wote wakagundua kwamba magoti yanawauma na Kilosa ni mbali.

"Aende Costancia," Yeremia akaamua. "Si amesoma? Akachukue hiyo karatasi, ampe katibu, basi. Ni kama kumtuma chumvi dukani."

Costancia, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa anakoroga uji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba, mwenye maneno machache, na darasa la sita la misheni ambalo hakuna aliyewahi kumwomba alitumie. Aliinua macho, akasema, "Ndiyo, baba mdogo," akaendelea kukoroga. Jina lake likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, wazee wakatia vidole gumba, na Yeremia akatia chake kwa haraka kuliko wote.

Akatembea hadi Kidete, akapanda treni, akashuka Kilosa. Kwenye Mahakama ya Mwanzo karani akapokea muhtasari, akabandika tangazo ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze, akamwambia arudi baada ya muda uliowekwa. Akarudi. Tangazo lilikuwa limekaa ubaoni mpaka mijusi ikalizoea, na hakuna aliyepinga.

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Unajua unachokiomba, mama?"

"Karatasi, mheshimiwa."

"Si karatasi tu. Msimamizi si mrithi, wala si tarishi. Mali yote ya marehemu, popote ilipo na kwa yeyote iliko, unaikusanya wewe. Unawagawia wanaostahili. Halafu unaniletea orodha hapa. Kikikosekana kitu, sitamuuliza baba yako mdogo wala shangazi yako. Nitakuuliza wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

Mhuri ukagongwa kwa kishindo ambacho, kwa maelezo ya Costancia mwenyewe, kiliwaamsha mbuzi waliolala nje ya soko. Akaikunja karatasi ndani ya khanga, na katika treni ya kurudi akaisoma mara tisa. Kila alipofika kwenye neno "mali yote" aliona kuta za mama yake, na juu ya kuta hizo aliona mawingu. Vuli ilikuwa inakuja. Mvua tatu kubwa zikiupata ukuta wa udongo usio na paa, kinachobaki ni fito na tope.

Katibu akaandika kiwanja upya siku hiyohiyo. Wazee wakaona mambo yamekwisha. Costancia akaona yameanza.

Maana mabati hayakuwepo. Siku tatu baada ya mazishi Yeremia alikuja na vijana, akayabeba yote, akisema wezi ni wengi na yeye atayatunza. Costancia akajifunga khanga, akaenda kwake kumsalimia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, ukae."

Akakaa, akapewa uji. Nyumba ya Yeremia ilikuwa mpya na, ajabu, iliezekwa bati linalong'aa. Costancia akanywa uji polepole, akainua uso kama mtu anayetafuta buibui. Juu ya kichwa chake kulikuwa na namba 14, nyekundu. Pembeni yake 3. Kisha 22, imelala kichwa chini. Zote kwa mkono wa baba yake, yule aliyekuwa akiandika 4 kama kiti kilichovunjika mguu. Yeremia hakuwahi kusoma. Kwake yale yalikuwa mapambo ya kiwandani. Wiki hizo zote alikuwa akilala chali chini ya mwandiko wa marehemu, akikoroma.

"Baba mdogo," Costancia akasema, "haya mabati ni ya baba."

"Alinipa."

"Lini?"

"Alipokuwa mgonjwa. Alinipa kwa mdomo."

"Alipokuwa mgonjwa alikuwa hasemi, baba mdogo. Nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko."

"Basi alinipa kwa macho!" Yeremia akacheka, akajipiga paja.

Costancia akatoa karatasi, akaikunjua, akamsomea. Yeremia akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile karatasi, akalitazama paa.

"Nzuri," akasema. "Sasa iambie ipande juu, ing'oe misumari."

Costancia akaikunja karatasi yake. Angeweza kurudi Kilosa kushtaki, na hakimu angemsikiliza. Lakini shauri lingeitwa, lingeahirishwa, na mvua haiahirishwi. Njiani hakulia. Alipita nyumbani kwa mama yake, akamkuta Agnesi anautandika ukuta majani ya mgomba kama mtu anayemfunika mtoto, akaendelea mbele moja kwa moja hadi kwa Beda.

Beda alikuwa mtani wa ukoo wa Thadeo, na hapa inafaa kueleza mtani ni mtu gani siku ya msiba. Ndiye anayelala kaburini kulipima na kulalamika kwamba ni fupi. Ndiye anayeiba kuku wa wafiwa na kuwauzia tena. Na siku ya kumaliza msiba, huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akawauliza wafiwa habari za nyumbani. Siku hiyo yeye ndiye marehemu. Hapigwi, hafukuzwi, na anachouliza hujibiwa. Anayemkasirikia hutozwa mbuzi, hupakwa majivu usoni, na hutajwa kwa aibu hiyo mpaka wajukuu.

Beda mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya barabara kule Mikumi, akarudi na meno manne na hadithi mia. Alidai kuwa tembo dume alimsimamisha njiani akamwomba tumbaku, na yeye akamnyima.

"Shikamoo, mzee Beda."

"Marahaba, binti wa maiti yangu. Kesho kutwa namvaa baba yako. Koti lake nimeshalijaribu, linanibana kwapani. Mwambie alikuwa mchoyo hata wa mwili."

Costancia hakucheka. Akamweleza yote, kuanzia namba 14. Beda akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu enzi za Wajerumani.

"Sikuombi useme uongo," Costancia akamalizia. "Mimi nimeandikwa msimamizi, nikusanye mali. Wewe siku hiyo ndiye mwenye mali. Ulizia tu vitu vyako."

Beda akauonyesha ulimwengu meno yake manne.

Siku ya kumaliza msiba jua lilikuwa utosini. Uwanja wa Mama Agnesi ulijaa, pombe ilikuwa imeiva, katibu alikuwepo na daftari. Ndipo akatokea Thadeo. Koti la kijivu, kofia ya pama, penseli ya seremala sikioni, na kile kikohozi cha mara mbili, khe-khe, ambacho kilimfanya mjane ajishike mdomo. Watu wakapiga vigelegele.

"Agnesi," marehemu akasema, "mbona umekonda? Wanakula chakula chako?"

"Wanakula, mume wangu!" Agnesi akajibu, anacheka na machozi yanatoka.

"Mchungaji, lile benchi la mbele bado linacheza? Nililiacha makusudi, usilale." Watu wakaanguka kwa kicheko. "Haya. Nimetembea mbali, nimechoka. Nataka kulala kwangu." Akaingia kati ya zile kuta nne, akatazama juu, akatoka. "Agnesi, nani kaniibia paa? Naliona jua!"

Kicheko kikapungua.

"Msimamizi wangu yuko wapi?"

Costancia akasimama. "Nipo, baba."

"Soma vitu vyangu."

"Randa mbili, zipo. Misumeno mitatu, ipo. Kitanda kimoja, kipo. Mabati ishirini na nane, yenye namba nyekundu kwa ndani, ya kwanza hadi ya ishirini na nane." Akazitazama zile kuta nne. "Hayapo hapa."

"Khe-khe," akakohoa marehemu. "Basi nitayafuata mwenyewe."

Akashika njia. Uwanja mzima ukamfuata, watu wengi hivi kwamba vumbi lao, inasemekana, lilionekana Kilosa na stesheni masta akadhani treni imeacha reli. Yeremia alikuwa anatembea katikati ya watu, anacheka kicheko cha pembeni ya mdomo. Walipofika mlangoni kwake alikoma kucheka. Beda alikuwa ameshaegemeza ngazi, ameshapanda, ameshakaa juu ya paa, miguu inaning'inia.

"Hili hapa ni langu! Nakumbuka nililipigilia siku ile Yeremia ulipoanguka kwenye ngazi ukalia kama mbuzi wa Pasaka. Na hili, mbona umeliweka kichwa chini? Damu imelipanda machoni!"

"Shuka, Beda!" Yeremia akanguruma. "Shuka kwenye nyumba yangu!"

"Beda yupi?" wakapaza sauti akina mama. "Huyo kaka yako!"

"Mbuzi! Mbuzi!" wengine wakaitikia, na mmoja tayari alikuwa anachota majivu jikoni.

Yeremia akafumba mdomo. Akageuka kumtafuta Costancia, akamwona amesimama mbele kabisa, karatasi mkononi, wala hamcheki.

"Katibu," Costancia akasema, "tafadhali ingia ndani usome namba. Kwa sauti."

Katibu akaingia. Sauti yake ikatoka dirishani kama ya mahubiri: kumi na nne, tatu, ishirini na mbili, tisa. Kila namba iliitikiwa na umati, na kila mwitikio ulimpunguza Yeremia urefu. Zilipokwisha alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye jasho.

Akainua uso. Alimtazama yule mtu wa koti la kijivu juu ya paa, na lililomtoka halikuwa la mzaha tena.

"Kaka," akasema, "nilikuwa nakutunzia."

Beda akaacha kuning'iniza miguu, akaiweka sawa kofia.

"Ahsante, mdogo wangu," marehemu akajibu, sasa kwa upole. "Umetunza vizuri. Nirudishie."

Yeremia akaingia ndani, akatoka na nyundo, akapanda ngazi. Msumari wa kwanza aling'oa yeye mwenyewe, na wa mwisho pia. Wanawake wakapanga foleni, kila bati likapata kichwa, na msafara ukarudi barabarani ukinguruma kama radi iliyoamua kutembea. Mbele kabisa Mama Agnesi alikuwa anacheza, ameshika nyundo ya mumewe.

Hakuna aliyemwacha Yeremia alale nje. Vijana waliagizwa wakate nyasi, na kabla jua halijazama nyumba yake ilikuwa imeezekwa upya. Aliyewaagiza alikuwa Costancia, na Yeremia aliliona hilo. Kesho yake alfajiri alikuwa juu ya kuta za shemeji yake, misumari mdomoni, akiuliza kwa adabu, "Mwanangu Costancia, hili lenye alama kama kiti linakaa wapi?" Mvua ya kwanza ilipofika ilipiga bati usiku kucha ikakata tamaa.

Costancia akarudi Kilosa na orodha yake. Hakimu akaisoma mstari kwa mstari, akasimamisha kalamu.

"Hapa umeandika mabati ishirini na nane, yalikuwa kwa ndugu, yamepatikana yote." Akamtazama juu ya miwani. "Miaka kumi na miwili nakaa kwenye kiti hiki, mama. Mabati yakishaezekwa kwa ndugu hayapatikani. Yamepatikanaje?"

"Marehemu aliyafuata mwenyewe, mheshimiwa."

Karani akaangusha wino. Hakimu akamkazia macho yule mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, akaona hatanii, akaona pia kwamba hatasema zaidi. Akatafakari. Kisha akachovya kalamu katika kile kilichobaki cha wino, akaandika pembeni ya mstari ule neno moja, "Imethibitishwa", akagonga mhuri.