Figo Namba Kumi na Saba

Maabarani kwetu nyama haina mwenyewe. Huja kwenye mfuko wenye namba, tunapima, tunaandika, basi.

Figo namba kumi na saba, ya kuku, niliiweka juu ya sahani ya bakteria kama figo nyingine zote. Asubuhi bakteria walikuwa wameota sahani nzima, isipokuwa kuizunguka figo ile. Pale palikuwa peupe, maana yake kuku yule alichinjwa dawa ikiwa bado imo mwilini. Nikarudia kipimo. Mashine ikataja hadi jina la dawa. Nikasaini na kumwambia mwenzangu, "Wafugaji wengine tamaa imewapofusha." Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe nilikuwa mimi.

Kesho yake mkaguzi alimleta mfugaji aonyeshwe majibu. Alikuwa dada yangu, na kazini wote walimjua.

Papo hapo nikakumbuka simu yake. Alinipigia wiki iliyotangulia, nikaibana simu begani huku mikono iko kazini. "Mdogo wangu, kuku walikuwa wanakohoa, nimewapa dawa. Nisubiri siku ngapi ndiyo nichinje?" Sikuuliza dawa gani. Mtaalamu mzima, eti niulize! Nikamjibu, "Tatu," kwa sababu dawa niliyokuwa naishughulikia wiki ile ilitaka siku tatu. Yake ilitaka kumi na nne.

"Mama, kuku wote mia nne uliowachinja tutawateketeza," mkaguzi alimwambia. "Na shule uliyokuwa unaipelekea haitachukua tena kwako. Unasema ulisubiri siku tatu; nani alikwambia zinatosha?"

Dada akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini zaidi ya hapo nilimwogopa mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Hakuna aliyeniambia," dada akasema. "Nilikisia tu. Ujinga wangu."

"Na mdogo wako yuko hapa hapa! Si ungemuuliza?" mkaguzi akashangaa.

"Ana kazi nyingi huyu. Sikutaka kumsumbua."

Mkuu akanishika bega. "Mnaona? Hata ndugu yake hakupendelewa. Hongera sana."

Nami nikasema asante. Nilisema kabisa, kwa sauti, mbele ya dada.

Nilimsindikiza hadi nje, machozi yananitoka. Akanivuta nyuma ya ukuta. "Futa uso, watakuona," alisema, kama alivyokuwa akinifuta kamasi tukiwa wadogo. "Wakikufukuza wewe, tutakula nini sote? Mimi nitaanza upya na vifaranga."

"Dada, nisamehe."

"Yamepita. Wewe niambie tu, dawa ile ni siku ngapi?"

"Kumi na nne."

Akaniangalia usoni.

"Una hakika?" aliuliza, kisha akatoa boksi la dawa kwenye mkoba, akavaa miwani, akaanza kujisomea mwenyewe.