Sabufa ya Mama René

...na hiki ndicho kiti atakachokaa yeye, Josué anajiambia, si kile cha dereva, kwa hiyo kusikilizia kwenye usukani ni kujidanganya, ndiyo maana amehamia upande wa abiria, magoti yamegota kwenye dashibodi, Vitz ni gari la watu wafupi lakini Mama René ni mfupi, atatosha, ataweka mkoba mapajani kama anavyofanya kanisani na atasema haya, cheza huo wimbo wenu... wenu, siyo wetu, tangu mazishi ya mwanawe, René wetu wa besi, amekuwa akisema wenu, na yeye ndiye aliyekuwa akitupikia uji siku za mazoezi. "Kaka, sabufa hili kubwa ndilo linaloondoka kila siku," anasema Mphatso, mwenye duka hapa Lilongwe, kiwiko chake kimelala dirishani kama cha mtu aliyekuja kupiga soga, Kiswahili chake amekiokotea Kariakoo anakofuata mizigo, Mmalawi huyu, na kimenyooka kuliko cha Josué aliyenyonya nacho Uvira, jambo ambalo peke yake linatosha kumuudhi mtu asubuhi. "Inchi kumi na mbili hilo. Ukiwa bado mjini Area 18, kule Lumbadzi wameshajua unakuja." Nani kamwambia anataka Lumbadzi wajue? Anataka mtu mmoja ajue, mwanamke mmoja, Jumamosi, saa tatu, ndani ya gari lililozimwa mbele ya mlango wake pale kambini Dzaleka, basi. Kubwa liko nyuma, limemeza buti lote, na kinanda cha kwaya kitakaa wapi, kichwani mwa nani? Na dogo ni bapa tu, upana wa sinia la kupepetea mchele, limesukumwa chini ya kiti hiki hiki, chini ya makalio ya maître de chorale, mwalimu wa kwaya mzima, heshima ikae pembeni kwanza. "Nirudie lile kubwa?" Rudia, Josué anasema, rudia ule ubeti wa pili, na anafumba macho ili asimwone Mphatso akitikisa kichwa kwa furaha ya biashara.

Soprano wanaanza, wamebanana juu kama kawaida yao, alto wanafuata, Gentille amechelewa nusu pigo kama alivyochelewa maisha yake yote, halafu wote wananyamaza na inabaki nafasi ambayo ni ya besi peke yake, ngazi tano za kushuka, tu-fu-ngu-li-e, na lile sanduku la nyuma linaguruma na mgongo wa kiti unagonga, kioo cha pembeni kinatetemeka, kifua kinajaa, René! René huyo hapo, mzima, ameingia kwenye gari na viatu vyake vikubwa... ngoja, lakini ametamka nini? Hakuna neno pale. Ni mvumo, mvumo mmoja mnene, ngazi tano zote zimekuwa mvumo uleule mmoja, angekuwa René au lori la mahindi lingekuwa vilevile. Lakini kifua kinajaa, hilo halikataliki, na Mama René akijaa kifua hivyo atalia, na akilia yameisha. "Umeona?" anasema Mphatso. Ameona. Yangekuwa yameisha Jumamosi hiyohiyo ya kuondoa matanga, kwaya ingeingia uani ikiimba, angeogeshwa na akina mama wa kanisa, angevuliwa lile gauni jeusi la mwaka mzima na kuvishwa kitenge kipya, ambacho kiko kwenye cherehani ya Josué hadi sasa hakijakatwa, kwa sababu mwenyewe amekataa kupimwa, amemwambia Cécile wa soprano aliyetumwa na futi mkononi, rudi na kamba yako, mimi siondoi matanga na watu waliomtoa mtoto wangu. Waliomtoa. Alianza kwenye simu ya jirani, wimbo wa kwaya ulipotoka, René akiwa na miezi miwili kaburini, wakamwekea sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, huku hawajamaliza kutabasamu, "Nimesikia batoto ba bantu bote. Wangu iko wapi?" Na Josué, aliyekuwa anaitwa mwanangu katika nyumba ile, akaruka kujibu kabla ya mtu mwingine yeyote, "Mama, simu haibebagi basse. Ni haut-parleur ya simu, spika yake, iko kadogo." Kadogo, eh. Akawekewa kwenye redio. Redio nayo haibebi. Wiki tatu zilizopita Josué akampeleka Lilongwe kwenye hospitali ya macho, kwenye gari hili hili, kiti hiki hiki, akamchezea kwa spika za milangoni, na yule mama akageuza shingo taratibu, "Na hii nayo haibebagi, Maître?" Maître. Siku ile aliacha kumwita mwanangu, na heshima ile ilimuuma kuliko kofi. "Mulimutoa," alisema, akitazama barabara, "mulimutoa mu wimbo kabla Mungu amutoe mu dunia. Kama unasema iko mule ndani, unitafutie chombo chenye kubeba sauti yake. Kama hakuna, musikanyage ku mulango yangu Jumamosi, mutaimba ku njia."

Na chombo kimetafutwa, Mungu ni shahidi, amezunguka maduka manne tangu asubuhi, amejua mambo ya sabufa kuliko mambo ya mshono, lenye tundu linapiga kelele zaidi, lililozibwa linafuata sauti vizuri zaidi, lenye amplifaya yake ndani halihitaji fundi wa pili, na hatoki Lilongwe leo bila kitu mkononi, hata iweje, hata Mphatso aseme Kiswahili cha wapi. "Na hili dogo, kaka, mimi nakuambia ukweli," Mphatso ameinama, anabonyeza swichi chini ya kiti, "hili ni la watu wazima. Halina fujo. Vijana hawalitaki. Lakini mwenye kusikiliza maneno, analipenda." Sawa, lete, ubeti wa pili... soprano, alto, Gentille na nusu pigo lake, nafasi... na hakuna kilichogonga, hakuna kioo kilichotetemeka, Josué yuko tayari kusema halifai, mdomo umeshafunguka, ndipo anaisikia, chini, kupitia mfupa wa paja, ngazi ya kwanza, ya pili, kila moja mahali pake, tu, fu, ngu, li, e, na ile e ya mwisho René alivyokuwa akiilaza, hakuna mtu mwingine duniani aliyeilaza vile, ni yeye, ni yeye mwenyewe na meno yake yaliyoachana, yupo, hakutolewa, yupo!... na yuko mbali. Hebu tena, Mphatso, rudisha, zikomo, asante, rudisha kidogo. Yuko mbali. Wengine wako hapa, Cécile yuko kwenye dashibodi kabisa, mtu angeweza kumpangusa jasho, na René yuko mbali kama mtu anayeimbia chumba kingine, na pembeni yake, sasa masikio yamejua pa kwenda, kuna kuku. Kuku analia karibu na René. Kuku wa nje.

Mlangoni. Wanajua wote alikuwa mlangoni, walikuwepo wote siku ya kurekodi, kanisa limetundikwa magodoro ukutani ili sauti isirudi, magodoro ya kuazima yenye harufu ya watoto, maikrofoni moja katikati, na Josué akasema rudi nyuma kidogo René, unawameza wenzako, akarudi hatua moja, rudi tena, akarudi, rudi, mpaka kisigino kikagusa kizingiti na jua likampiga mgongoni, na René, ambaye hakuwahi kununa siku hata moja, akacheka kwa ile sauti, "Maître, bado kidogo niimbie kule mbali ku Dowa!" na kwaya nzima ikaanguka kwa kicheko, na Josué akacheka pia, akamwacha palepale mlangoni. Ni kazi ya maître kupanga sauti. Besi husimama nyuma, kila kwaya, Uvira, Bukavu, popote, hakuna la kuuliza... lakini hatua mbili zilitosha, Josué, hatua mbili zilitosha na ulijua. Na kule mjini Nsungwi je, chumbani kwa Dany, fundi wa sauti, na kompyuta yake juu ya meza ya kulia, Dany hakuwa mjinga, alivua vile vya masikio akageuka, "Basse tupandishe kidogo? Iko mbali huyu muntu." Na wewe ukasema nini? Shusha. Dany akatazama, "Tushushe? Hatasikika." Shusha, wimbo uwe na usawa. Usawa! Neno zuri hilo, limevaa tai. Kumbe usawa ulikuwa ni Jumapili, watu wanatoka ibadani wanampita yeye aliyemfundisha kila mmoja kila noti kwa kinywa chake, bila karatasi, miezi, wanampita na mkono ulionyooshwa kwenda kwa René, ah, ile basse, ah, Mungu akuzidishie, na Josué amesimama na daftari lake kama mwenye kusubiri chenji. Alimwonea wivu. Haya, limesemwa. Alimwonea wivu rafiki yake na akaamuru sauti yake ishushwe, na wiki nne baadaye rafiki akashikwa na kifua Jumatatu na Ijumaa walikuwa wanamzika, na hakukuwa tena na sauti ya kurudia, na simu haibebagi basse, haibebagi, haibebagi, mwaka mzima amewatembeza watu na kisingizio cha haut-parleur. Yule mama alikosea kidogo tu. Alidhani walimtoa, kumbe alisukumwa na mtu mmoja, na huyo mtu alikula uji wake.

"Kaka, umezubaa," anasema Mphatso, "au nikupunguzie kitu kwenye lile kubwa? Wewe mteja mzuri. Nakupunguzia." Bila shaka anapunguza, na tazama jinsi shetani alivyo mstaarabu, anakuja na punguzo. Kwa sababu lile kubwa lingemwokoa. Kwenye lile kubwa hakuna mbali wala karibu, hakuna mlango, hakuna kuku, kuna mvumo tu na kifua kinachojaa, Mama René angeshika mkoba wake kwa mikono miwili akasema ni yeye, mwanangu, nisamehe, angemwomba msamaha! Angemwomba yeye Josué msamaha, mbele ya kwaya, na yeye angeinamisha kichwa akasema haina shida mama. Josué anaiona picha hiyo yote. Apewe msamaha wa sanduku. Hapana. Hapana, hata bure, hata Mphatso aliongezee na mazulia ya gari. Mwanamke aliyeomba chombo chenye kubeba sauti ya mtoto wake asipewe chombo chenye kubeba uongo wa fundi nguo. Yule atasikia, na hilo dogo atalisikia vizuri kuliko Josué alivyolisikia, yeye alikuwa akiijua sauti ile tangu ikiwa kilio, atazisikia ngazi tano na ataijua ile e, atafurahi pumzi moja, moja tu, halafu atageuza shingo taratibu. "Mbona iko mbali?" Ndiyo swali lake, haliwezi kuwa lingine. Na hapo, usiseme simu. Usiseme kifaa, usiseme kanisa lilikuwa dogo, usimtaje Dany, Dany aliuliza mara mbili. Sema... sema hivi, kwa lugha ya nyumbani, pasipo Kifaransa cha kujifichia, mama, ni mimi. Nilimurudisha nyuma mpaka ku mulango, sababu bantu balikuwa banamupenda kupita miye. Ndivyo. Ni fupi, inatosha kwenye pumzi moja. Huenda akafungua mlango wa gari akateremka bila neno, huenda Jumamosi kwaya ikaimbia njiani kweli, vumbi na baiskeli za kabaza zenye abiria nyuma zinapita, Cécile akalia, wazee wa kanisa wakamwita Josué kikaoni na kumvua ule umaître, wamvue, utamtosha mwingine. Huenda gauni jeusi likaingia mwaka wa pili, na hilo ndilo linalouma, hilo linauma vibaya, kwa maana nguo ile si ya René peke yake sasa, upindo wake mmoja kashona Josué. Lakini atakuwa amemsikia. Kwa mara ya kwanza tangu wamzike atakuwa amemsikia mtoto wake akiimba, na atakuwa anajua mwizi ni nani, na mama anayejua hivyo anaweza kulala.

Mphatso anagonga paa la gari kwa vidole, hana haraka, ana subira ya watu wa dukani, jua limepanda kidogo tu juu ya mabati ya pale ng'ambo na wimbo bado unazunguka ubeti uleule, Gentille anachelewa, René anashuka. Magoti yamekufa ganzi. Josué hajasogea, mkono wake uko pembeni ya kiti ambako mtetemo unaingia vidoleni, na kwa mwenye kutazama kutoka nje ni mnunuzi tu anayefikiria, lakini ndani hakuna tena cha kufikiria, limebaki la kutamka tu, dogo, Mphatso, nifungie dogo, na lifungwe barabara hapa hapa chini ya kiti cha abiria. Kiti cha dereva atakaa mwenyewe, Jumamosi, mikono juu ya usukani, gari limezimwa, na mama akiuliza ni nani aliyemweka mtoto wake mbali hivyo, Josué atamgeukia usoni amjibu, hatakuwa na haja ya kutazama barabara.