Bahari Niliyoichota Kitale

Kutoka stesheni ya Bungoma mpaka Kanduyi, mtu aliyewahi kuingia baharini hadi kifuani ni mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Waulize. Hata wazee walinisogezea kiti nilipokuwa nikisimulia.

Bahari yenyewe niliichota Kitale.

Ilikuwa hivi. Senge Nanyama, dada ya baba, alikuwa na mtoto mmoja tu, Mukhisa, aliyefanya kazi kwenye hoteli ya wageni huko Malindi. Kila asubuhi alishuka ufukoni, akatia kipimajoto majini, kisha akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni maji yana joto gani na kama kuogelea ni salama. Mimi nilikuwa nikisema, ati huyu bana analipwa kuonja uji wa wazungu. Mwaka wa hamsini na mbili, kusi ikivuma, alishuka kupima na wimbi likamchukua. Mwili haukuonekana. Tukazika mgomba mahali pake, kama tunavyofanya kwa asiyerudi.

Mgomba haukutosha. Usiku Senge alimwona amesimama mlangoni, mrefu vilevile, kimya, maji yakimdondoka. Wazee wakasema roho imebaki njiani. Yaletwe maji yaliyomchukua, yamwagwe kaburini, naye atafika. Wakanichagua mimi, kwa kuwa nimesoma sekondari na nilikuwa nimejisifu kwamba naogelea. Senge alinipa chupa, akaniomba jambo moja.

"Utie mkono, mwanangu. Uniambie kama ni baridi. Hilo tu ndilo linaninyima usingizi."

Nilipanda treni nikiwapungia watu kama mheshimiwa. Lakini kadiri ilivyokwenda ndivyo nilivyouona ule ubao akilini, hauna mtu wa kuuandika, na wimbi likiningoja. Pale reli inapogawanyika nikahamia behewa la Kitale. Rafiki yangu Thuo alikuwa na kibanda Kipsongo, pembeni mwa mji huo. Nikajificha kwake mpaka siku za kwenda pwani na kurudi zikatosha. Nikanunua chumvi ya mawe dukani kwa Umesh, nikaenda kwenye mfereji unaoteremka kutoka mlimani kupitia shamba la mzungu mmoja. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo za watoto ng'ambo ya ua alinipigia kelele nisichote pale. Nikamjibu asiwe na wasiwasi nami, mimi nachota bahari. Sikungoja aniambie sababu. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mkono.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani, ule mkono ndio uliozungumza. Nilisimulia mawimbi, nikasimulia kifua. Senge akaniuliza lile lake.

"Baridi, Senge. Inaingia mpaka kwenye mfupa."

Hakulia. Alimwaga chupa nzima juu ya kaburi.

Tangu usiku ule mambo yaligeuka. Aliyekuja hakusimama mlangoni tena. Aliingia, akajikunyata karibu na mafiga, meno yakigongana. Senge alisema mtoto amenywea kwa baridi, sasa anamfika kiunoni. Akawa anakesha akichochea moto. Alitandika blanketi lake la pekee juu ya kaburi, akalala bila kitu, na kikohozi kikamwingia. Kuni zilipokwisha, akavunja kitanda cha Mukhisa akakichoma. Nilijaribu kumwambia kwamba mchana bahari hupata joto kidogo.

"Ulisema mfupa," akanijibu.

Asubuhi moja nilichungulia jikoni nikakuta majivu ya pembeni yamelowa, na alama ndogo za nyayo. Nikasema ni paka. Sikurudi kuangalia tena.

Jumapili akaja mgeni kutoa pole: Jerop wa Cheptais, yaya wa watoto wa mzungu. Kila Agosti mabwana zake humpeleka kwenye ile hoteli ya Malindi, na huko ndiko alikozoeana na Mukhisa, watu wa upande mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango. Senge akamwuliza kuhusu baridi.

"Baridi?" Jerop akashangaa. "Mama, maji yale ni ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hata alfajiri. Mukhisa mwenyewe ndiye alikuwa anaandika kwa ubao, na anatucheka sisi wa mlimani vile tunaogopa kuingia. Huko hakuna mtu wa kutetemeka."

"Lakini huyu aliingia," Senge akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Jerop akageuka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka usoni, bila haraka.

"Wewe si ndiye uliniambia unachota bahari?" akasema. "Nilikukataza. Ule mfereji ulichukua mtoto wa Lenah, jirani yetu, mvua za mwaka jana. Hatuchoti hapo tena."

Senge akainuka polepole, akaweka kiganja hewani, usawa wa kiuno chake.

"Wa kimo hiki?"

Jerop akaitikia kwa kichwa, na wote wawili wakanigeukia.